Nyota wa michezo mingine wanapoingia ulingoni, jina hubaki nje ya kamba

MWAKA 2018 mji wa Tanga ulipata habari mbili za michezo zilizozungumzwa vijiweni kuanzia Ngamiani hadi Makorora. Ya kwanza ilihusu mwanamuziki Ali Kiba, aliyesajiliwa na Coastal Union, timu iliyokuwa imerejea Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Ya pili ilitoka Birmingham, Uingereza, usiku wa Septemba 8, ambako kijana wa Makorora, Hassan Mwakinyo, alimshinda Sam Eggington kwa TKO katika raundi ya pili, mbele ya mashabiki waliokwenda ukumbini wakiamini kuwa Mwingereza huyo angeshinda bila jasho.

Habari hizo hazikuwa na uhusiano wowote. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja zinasaidia kueleza jambo ambalo limekuwa likijirudia duniani katika miaka ya karibuni, nalo ni kuingia kwa watu mashuhuri, hasa wanamichezo wa fani nyingine, katika ngumi za kulipwa.

Coastal Union ilimpokea Ali Kiba bila hatari yoyote. Soka ni mchezo wa watu 11. Kocha ana uwezo wa kumwanzisha mchezaji, kumweka benchi, kumwingiza zikiwa zimebaki dakika kumi, au kumwacha jukwaani na bado jezi zenye jina lake zikauzwa. Mwanamuziki huyo hakuonekana uwanjani mara nyingi, na hakuna aliyeumia kwa sababu hiyo.

Ulingoni hakuna benchi. Kengele ikilia, mtu anabaki na mpinzani wake na mwamuzi, basi. Kama hajui kujikinga, hakuna beki wa kumsaidia, na kosa ambalo mchezaji wa soka angelilipa kwa kupoteza mpira, bondia hulilipa kwa konde la kichwani.

Pamoja na ukweli huo, orodha ya waliojaribu ni ndefu. Mwaka 1979 Ed Jones, mlinzi wa timu ya Dallas Cowboys katika mpira wa Kimarekani, jitu lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliacha mchezo uliompa jina akaingia katika uzito wa juu. Alipigana mara sita, akashinda zote, kisha mwaka uliofuata akarudi zake Dallas. Wapinzani aliopewa hawakuwa na majina makubwa, na hilo lilifanywa makusudi, kwani aliyekuwa akiuzwa ni yeye.

Novemba 30, 2012 ikawa zamu ya Andrew Flintoff, shujaa wa kriketi wa England. Mpinzani wake alikuwa Mmarekani Richard Dawson, na pambano lilifanyika Manchester kwa raundi nne tu. Flintoff aliangushwa katika raundi ya pili, akanyanyuka na kushinda kwa tofauti ya pointi moja, 39 kwa 38. Alifanya mazoezi kwa miezi kadhaa chini ya makocha wenye sifa, Barry McGuigan na mwanawe Shane, na kila aliyemwona alikiri kuwa alikuwa na moyo. Lakini moyo ndio uliomwinua kutoka chini, si ufundi, na baada ya usiku ule hakupanda tena ulingoni kama bondia wa kulipwa.

Rio Ferdinand hakufika hata huko. Nahodha huyo wa zamani wa England, aliyekuwa nguzo ya ulinzi ya Manchester United, alitangaza Septemba 2017 kwamba angekuwa bondia, wakati huo akikaribia umri wa miaka 39. Alijifua, akapata udhamini, na magazeti yakaandika. Mwaka uliofuata mamlaka inayosimamia ngumi nchini Uingereza ilikataa kumpa leseni na safari ikaishia hapo. Wapo waliodhani kuwa alionewa. Ukweli ni kwamba alitendewa haki, kwa kuwa bodi iliulizwa kama mtu huyu yuko tayari kupigwa na kupiga kwa kulipwa, ikajibu swali hilo bila kuangalia vikombe alivyotwaa Old Trafford.

Ili kuelewa ugumu uliopo ni lazima kuutazama mwili wa mwanamichezo na kile unachofundishwa kwa miaka mingi. Mchezaji wa soka hukimbia kilomita nyingi katika dakika 90, lakini ndani ya muda huo hutembea, husimama na kusubiri mpira urushwe. Bondia hufanya kazi kwa dakika tatu mfululizo, hupumzika dakika moja, kisha hurudi tena hadi raundi 10 au 12. Katika dakika hizo tatu mikono haishuki. Mabega ya mtu asiyezoea huanza kuwaka moto mapema, glavu za aunsi nane au kumi zikahisi kama mawe, na mikono ikishuka kidevu hubaki wazi.

Pumzi nayo ina siri yake. Mtu anayepigwa hubana pumzi bila kujijua. Anayeogopa hubana zaidi. Ndiyo maana mwanariadha mwenye mapafu ya kupanda mlima anaweza kuhema kama mzee katika raundi ya pili, kwani kilichomchosha ni hofu zaidi ya kazi. Bondia aliyekulia mazoezini amepigwa mara nyingi na wenzake mpaka mwili umeacha kushtuka. Huliona konde linakuja macho yakiwa wazi, hulipokea begani au hulipisha, na huendelea kuhema kama kawaida. Jambo hili halifundishwi kwa miezi sita.

Jingine ni umbali. Ngumi ni mchezo wa sentimita. Anayesogea mbele nusu hatua kabla ya wakati hukutana na konde la mwenzake likiwa na nguvu zote, na anayerudi nyuma kwa mstari ulionyooka hufuatwa. Hata wanaotoka katika michezo ya mapigano huteseka hapa. Mpiga mateke amezoea kusimama mbali zaidi, uzito wake ukiwa mguu wa nyuma, tayari kuinua wa mbele. Akiingia kwenye ngumi tupu, umbali wake wa salama haumsaidii tena, na yule aliye mbele yake anajua kuishi katika uwanja mdogo ambao yeye hajawahi kukaa.

Tanzania ililishuhudia hilo kwa Japhet Kaseba. Alikuwa bingwa wa mchezo wa ngumi na mateke na mwenye jina kubwa jijini Dar es Salaam alipoamua kuingia katika ngumi za kulipwa. Hakuwa mtu wa mzaha. Alijifua na alikuwa na nguvu. Lakini alipokutana na Francis Cheka wa Morogoro, aliyekuwa ameukulia ulingo, tofauti ilionekana na Cheka akashinda. Mashabiki waliofurika walikwenda kuona kama mateke ya zamani yangegeuka makonde.

Nje ya mipaka yetu jaribio lililozungumzwa kuliko yote ni la Agosti 26, 2017 mjini Las Vegas. Conor McGregor wa Ireland, bingwa wa mapigano mchanganyiko, ule mchezo unaoruhusu mateke, mieleka na kukabana shingo, alikutana na Floyd Mayweather aliyekuwa na umri wa miaka 40. McGregor alionekana vizuri katika raundi za mwanzo. Mayweather alimwacha arushe, akahesabu pumzi zake, kisha akaanza kazi. Mwamuzi alilisimamisha pambano katika raundi ya 10. Malipo ya uhakika yaliyotangazwa kabla ya mpambano yalikuwa dola milioni 100 kwa Mayweather na milioni 30 kwa McGregor, na hapo ndipo dunia nzima ya michezo ilipoelewa kwa nini mtu akubali kwenda kushindwa.

Mfano wa Francis Ngannou wa Cameroon ni mgumu zaidi kuueleza, na ndio wenye mafunzo mengi. Oktoba 28, 2023 mjini Riyadh, Ngannou, aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu na kupoteza kwa pointi za majaji waliogawanyika. Lilikuwa pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa. Wengi walisema kuwa hatimaye mgeni ameuvunja mlango. Miezi minne na siku kadhaa baadaye, Machi 8, 2024, alikutana na Anthony Joshua katika mji uleule. Aliangushwa raundi ya kwanza, akaangushwa tena ya pili, na akamalizwa katika raundi hiyohiyo.

Kati ya mapambano hayo mawili Ngannou hakubadilika kiasi hicho. Aliyebadilika ni mpinzani. Fury aliingia bila kumchukulia mgeni kwa uzito uliostahili. Joshua aliingia akiwa amemsoma. Aidha, watu husahau kwamba Ngannou hakuwa mgeni kabisa. Ndoto yake ya kwanza tangu Cameroon ilikuwa ngumi, na aliondoka nyumbani kwenda Ulaya akiitafuta kabla ya kocha mmoja jijini Paris kumgeuzia kwenye mapigano mchanganyiko. Kwa hiyo hata yule aliyefanikiwa zaidi katika usiku wa kwanza alikuwa anarudi katika njia aliyowahi kuipita.

Waliofanikiwa kweli ni wachache, na wote walikubali kuanza chini. Curtis Woodhouse alicheza soka Sheffield United na Birmingham City, akaiacha, na mwaka 2006 akaanza ngumi za kulipwa katika mapambano madogo. Alipigwa mara kadhaa. Ilimchukua hadi mwaka 2014 kuupata ubingwa wa Uingereza wa uzito wake, kwa kumshinda Darren Hamilton. Anthony Mundine wa Australia aliacha raga mwaka 2000 akiwa katika kilele na mwaka 2003 akatwaa ubingwa wa WBA, lakini huyu alikuwa mtoto wa bondia, Tony Mundine, na harufu ya glavu aliijua tangu utotoni.

Hapa kwetu upepo umevuma kwa namna ya pekee. Karim Mandonga, anayejiita Mtu Kazi, hakutoka katika mchezo mwingine, lakini ndiye aliyewaonyesha mapromota wa Afrika Mashariki kwamba jina linaweza kutangulia ufundi. Mwaka 2022 alipigwa na Shaban Kaoneka mjini Songea na, ajabu, umaarufu wake ukapanda kwa kushindwa. Maneno yake na majina aliyoyapa makonde yake yalisambaa katika simu kuliko matokeo ya mabingwa. Januari 2023 alimshinda Daniel Wanyonyi jijini Nairobi. Waliporudiana Julai mwaka huo, Mkenya huyo alishinda. Mwezi huohuo, mjini Mwanza, Mandonga alikutana na Moses Golola wa Uganda, naye nyota wa ngumi na mateke mwenye domo lisilopungua la mwenzake, na Golola akashinda.

Watazamaji walicheka, na si vibaya kucheka. Hata hivyo, mtu anayepanda ulingoni mara nyingi kwa muda mfupi kwa sababu jina lake linauza tiketi anakusanya makonde ambayo hayahesabiwi katika kiingilio. Ubongo hauna misuli ya kujengwa. Hutikisika ndani ya fuvu kila konde zito linapotua, na asiyejua kujikinga hupokea mengi zaidi hata anaposhinda.

Afrika Mashariki ina makaburi ya kukumbusha hilo. Robert Wangila wa Kenya alikuwa Mwafrika aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, bondia kamili kwa kila kipimo. Julai 1994 alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas, pambano likasimamishwa, na baada ya siku mbili akafariki dunia. Mwishoni mwa Desemba 2024, bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kushindwa kwa KO katika pambano jijini Dar es Salaam. Hao walikuwa watu waliojifunza kazi hii. Mgeni anayeletwa kwa jina lake anaingia katika hatari ileile akiwa na kinga ndogo zaidi.

Pengine picha iliyowatisha wengi ni ya Novemba 28, 2020 huko Los Angeles. Nate Robinson, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyeshinda mara tatu shindano la kudanki la NBA, mwanamume mwenye mruko wa ajabu na misuli iliyochongeka, alianguka kifudifudi katika raundi ya pili na kupoteza fahamu. Aliyempiga hakuwa hata bondia aliyelelewa na mchezo huo, bali Jake Paul, mtu aliyejipatia jina kwa video za intaneti. Mpira wa kikapu una nafasi kwa anayechelewa kuanza, hasa akijaliwa kimo. Mtanzania Hasheem Thabeet aliugusa akiwa kijana mkubwa tayari, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA. Kimo cha Thabeet hakifundishwi, alizaliwa nacho. Kujua kupokea konde hakuna anayezaliwa nako.

Ndiyo maana suala zima linaangukia kwa mamlaka za mchezo, na kwa Tanzania hapa pana historia. Katika miaka ya 2000 ngumi za kulipwa nchini zilisimamiwa na vyombo kadhaa kwa wakati mmoja, vikiwamo PST, TPBO na TPBC. Kila kimoja kilikuwa na viongozi wake na mikanda yake. Bondia au promota aliyekataliwa mlango huu alibisha ule wa jirani. Katika mazingira ya namna hiyo hakuna leseni inayoweza kuwa kizuizi. Kuanzishwa kwa kamisheni moja, TPBRC, kuliziba pengo hilo kwa kiasi kikubwa, na kamisheni imeonyesha kuwa haiogopi majina. Mwaka 2023 ilimfungia Mwakinyo mwenyewe mwaka mmoja baada ya kutopanda ulingoni katika pambano lililokuwa limetangazwa.

Sambamba na hilo soko limepanuka. Mapambano huonyeshwa moja kwa moja na Azam TV. Zanzibar, ambako ngumi zilikuwa marufuku kwa karibu miaka 60 tangu Mapinduzi ya 1964, iliufungua tena mlango mwaka 2023, na Januari 2024 Mwakinyo alipigana katika uwanja wa Amaan. Palipo na kamera na wadhamini, promota hutafuta uso unaojulikana. Si dhambi. Pambano kuu la mtu maarufu hubeba mengine sita au saba ya utangulizi, na katika hayo kijana wa Tanga asiyejulikana hupata raundi zake nne na malipo kidogo. Wapo makocha wanaolikubali jambo hilo kwa sababu hiyo tu.

Upande wa pili wa hesabu hautajwi sana. Nafasi ya pambano kuu ni moja. Bondia aliyepanda ngazi kwa miaka minane akifikia hapo akamkuta mgeni amekaa kwa jina alilolipata kwingine, fedha yake na cheo chake vinasubiri tena. Mwakinyo alikwenda Birmingham kama mtu wa pembeni katika usiku ulioandaliwa kwa ajili ya Amir Khan na Samuel Vargas. Nafasi hiyo ya pembeni ndiyo iliyomfungulia njia, na miaka mitatu baadaye alimshinda Julius Indongo wa Namibia, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia.

Naye huyo Mwakinyo, pamoja na uzoefu wote, alisimamishwa katika raundi ya nne na Liam Smith mjini Liverpool, Septemba 2022, na baadaye akalalamikia viatu na maumivu ya kifundo cha mguu. Mashabiki wa Tanga walibishana kwa wiki kadhaa kama hiyo ilikuwa sababu au kisingizio. Kwa vyovyote iwavyo, mtu mwenye miaka mingi ulingoni alikiri kuwa kiatu kisichokaa vizuri kinaweza kumwangusha.

Sasa tuseme winga wa Coastal Union au African Sports, aliyestaafu akiwa na miaka 33 na jina ambalo bado linaimbwa Mkwakwani, aamue kesho kuwa bondia. Hakuna kanuni ya busara inayoweza kumzuia moja kwa moja. Kinachotakiwa ni picha ya ubongo na vipimo vya damu na macho, miezi mingi ya kupigana mazoezini mbele ya kocha asiyelipwa na promota, mapambano ya ridhaa ambayo hayana mabango, na kisha raundi nne dhidi ya mtu ambaye naye ndiyo kwanza anaanza. Tiketi za usiku huo hazitakuwa nyingi, na jina lake litaandikwa katikati ya orodha, kwa herufi ndogo.